Kuonja fani mapema: mwongozo kamili kwa daktari tarajali anayetafuta ubingwa wake

Daktari anayemaliza shahada yake ya miaka 5 nchini Tanzania huingia katika mwaka wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini chini ya usimamizi, akiwa na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na katika miezi hiyo 12 hupitia idara nne kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na magonjwa ya wanawake na uzazi. Hospitali nyingine huongeza wiki chache za mifupa, dharura au afya ya akili, nyingine haziongezi kitu. Mpango huo unatimiza lengo lake, kwa sababu daktari atakayepangiwa hospitali ya wilaya atalazimika kumpasua mama ambaye uchungu umekwama, kumtundikia dripu mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha na kumshughulikia mzee aliyeletwa hajitambui kwa kisukari, pengine wote watatu usiku mmoja. Tatizo ni kwamba mwaka huohuo ndio ambao wengi hukata shauri kuhusu fani watakayobobea, ilhali usingizi na ganzi, radiolojia, patholojia, macho, ngozi, saratani, magonjwa ya damu, na masikio, pua na koo mara nyingi hubaki nje ya mzunguko. Mtu huchagua kati ya vile alivyoviona.

Uingereza, ambako madaktari wapya tangu mwaka 2005 hupitia mafunzo ya msingi ya miaka miwili yenye vipindi vya takriban miezi minne minne, tatizo hili lilipatiwa dawa ndogo: daktari anaweza kuomba siku chache za kuonja fani isiyokuwamo katika mzunguko wake, akaachiwa zamu, akaenda kushinda na watu wa fani hiyo, kisha akarudi wodini kwake. Kwetu hakuna utaratibu rasmi wa namna hiyo unaomngoja kila mtarajali. Kwa hiyo anayetaka kuonja hana budi kujitengenezea nafasi mwenyewe, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuitengeneza, namna ya kuitumia, na, jambo ambalo naliona gumu zaidi, namna ya kutodanganywa na kile utakachokiona.

Hatua ya 1: Andika maswali yako kabla hujaingia wodini

Watarajali wengi huingia idara mpya na swali moja tu: je, nitaipenda? Swali hilo halina msaada, kwa sababu jibu lake hutegemea kama ulilala jana na kama aliyekuongoza alikuwa mpole. Chukua daftari, uandike maswali yanayoweza kujibiwa kwa kuangalia. Siku ya kawaida ya bingwa wa fani hii huanza na nini na huisha na nini? Mikono yake hufanya kazi gani, na kwa muda gani kati ya saa zake za kazi? Hukaa na mgonjwa mmoja kwa dakika tano, kwa miezi sita au kwa maisha? Wagonjwa wengi hupona, hudumu na ugonjwa wao au hufariki? Bingwa mwenye umri wa miaka 45 huitwa usiku mara ngapi, na huitwa kwa jambo gani? Kazi hii inaweza kufanyika Sumbawanga, au inahitaji mashine iliyopo Dar es Salaam, Mwanza, Moshi na Dodoma pekee?

Ongeza swali moja ambalo watu huliona la aibu: ni sehemu gani ya kazi hii inachosha kwa kujirudia, na je, uchovu huo naweza kuuvumilia kwa miaka 30? Kila fani ina upande wake unaong'aa, ule unaosimuliwa kwenye chai, na kila fani ina kliniki ya Jumanne yenye wagonjwa 40 wenye malalamiko yaleyale. Utaishi zaidi katika hiyo ya pili.

Hatua ya 2: Tafuta fani zilizojificha, kuanzia hospitali uliyopo

Ukipangiwa Muhimbili, kazi ni rahisi kiasi. Taasisi ya Mifupa ya MOI na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ziko katika eneo hilohilo la Upanga, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road haiko mbali, na idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2010, imekuwa chimbuko la fani ambayo kabla yake haikuwa na jina katika hospitali zetu. Aliyeko Moshi ana Hospitali ya Rufaa ya KCMC, pamoja na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Aliyeko Dodoma ana Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa fani nyingi, na Mirembe kwa afya ya akili. Anayevutiwa na kifua kikuu na magonjwa ya mapafu anaifahamu Kibong'oto, kule Kilimanjaro.

Lakini wengi hupangiwa hospitali ya rufaa ya mkoa, na hapo ndipo ninaposikia mara kwa mara kwamba "huku hakuna fani nyingine". Zipo, ila hazina wodi, na kwa hiyo hazionekani. Chumba cha upasuaji kina watu wa usingizi. Chumba cha picha kina eksirei na utrasaundi, na hospitali nyingi za mikoa zimewekewa mashine ya CT katika miaka ya karibuni. Maabara hupokea vinyama vilivyokatwa kwenye upasuaji na kuvisafirisha kwenda kusomwa kwingine. Kuna kliniki ya macho yenye foleni yake tangu alfajiri, kuna kliniki ya afya ya akili, na kuna CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, ambayo kwa zaidi ya miaka 20 sasa imewafundisha madaktari wengi maana ya kumfuatilia mgonjwa mmoja kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2024 makundi ya madaktari bingwa wa kampeni ya Rais Samia yamekuwa yakipiga kambi katika hospitali za halmashauri kwa siku kadhaa. Mtarajali au daktari kijana aliye karibu na kambi ya namna hiyo anaweza kuwaona mabingwa wa fani tano au sita ndani ya wiki moja, nafasi ambayo mwenzake wa hospitali ya taifa haipati kwa urahisi.

Chagua fani mbili au tatu, usizidishe. Moja iwe ile unayoifikiria tayari, ya pili iwe inayofanana nayo kwa jambo moja na kutofautiana kwa jingine (anayependa upasuaji aangalie macho, au usingizi), na ya tatu iwe ile uliyokwisha kuikataa bila kuiona.

Hatua ya 3: Omba nafasi kwa utaratibu

Mtarajali yuko chini ya usimamizi, na usajili wake wa muda unamruhusu kufanya kazi katika hospitali aliyopangiwa. Akienda kwingine wakati wa likizo, huko ni mtazamaji: hashiki kisu, haandiki dawa, hatoi ushauri kwa ndugu wa mgonjwa. Hili lieleweke mapema, kwa sababu bingwa mkarimu anaweza kukukabidhi sindano bila kufikiria, na kosa likitokea maelezo yatadaiwa kwako na kwake.

Ndani ya hospitali yako, anza kwa mazungumzo na mratibu wa watarajali, kisha nenda kwa mkuu wa idara unayoitaka. Usianze kwa barua, maana barua isiyotanguliwa na salamu hukaa kwenye faili. Ukishakubaliwa kwa mdomo, andika kwa ufupi:

"Mkuu wa Idara ya Usingizi na Ganzi. K.K.: Mratibu wa Madaktari Tarajali. Yah: Ombi la kujifunza kwa kutazama kwa siku tano. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni daktari tarajali katika Idara ya Upasuaji. Naomba kushinda na idara yako siku tano, katika wiki ambayo zamu zangu zimebadilishwa kwa makubaliano na wenzangu, kama jedwali lililoambatishwa linavyoonesha. Lengo langu ni kuielewa kazi ya kila siku ya fani hii kabla ya kuamua kuhusu masomo ya ubingwa. Nitafuata maelekezo yote ya idara na sitafanya utaratibu wowote wa kitabibu bila kuelekezwa na kusimamiwa."

Sentensi yenye uzito katika barua hiyo ni ile ya zamu. Mkuu wa idara hana shida na kijana anayetaka kujifunza, anachohofia ni kupigiwa simu na mwenzake akiulizwa mtarajali wake yuko wapi. Ukionyesha kwamba zamu zako zimezibwa, na nani amezibeba, umeondoa sababu kuu ya kukataliwa. Deni la zamu lilipe upesi, kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku tano mfululizo ni bora kuliko Ijumaa tano, kwa sababu siku ya kwanza watu hukuonyesha mambo na siku ya tatu husahau kwamba upo. Na usije ukazipata siku hizo kwa kuacha kulala baada ya zamu ya usiku. Mtu aliyekesha huiona kila fani kuwa mbaya.

Hatua ya 4: Kaa kwenye sehemu ya kazi isiyo na msisimko

Tuchukue usingizi na ganzi, fani ambayo nchi inaihitaji sana na ambayo watarajali wengi huiona kutoka upande wa pili wa shuka. Mtarajali wa upasuaji akiingia chumba cha upasuaji humkuta mama amekwishalala, naye huondoka kabla hajaamka, hivyo hudhani kazi ya yule aliyeketi kichwani ni kungoja. Fika saa moja na nusu asubuhi. Utamwona akikagua mashine: oksijeni ipo, mtungi wa akiba umejaa, mvukizi una dawa, mfyonzo unavuta, laringoskopu inawaka. Analetwa mama wa upasuaji wa kujifungua. Anaketishwa ukingoni mwa meza, anaombwa akunje mgongo na kukumbatia mto, vidole vinatafuta mwanya kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, sindano nyembamba inaingia taratibu hadi tone la maji meupe linapojitokeza. Bupivakeini, dawa ya ganzi, inasukumwa, mama analazwa haraka na kuinamishwa kidogo upande wa kushoto ili mji wa mimba usiukandamize mshipa mkubwa wa damu. Hapo daktari wa upasuaji bado ananawa. Dakika tatu au nne zinazofuata ndizo fani yenyewe: shinikizo la damu linashuka, mama anasema anasikia kichefuchefu, na mtu mmoja tu chumbani amekwishashika bomba la efedrini, dawa ya kupandisha shinikizo, kabla mashine haijalia.

Ukiona dakika hizo na moyo wako ukatulia badala ya kwenda mbio, umejifunza jambo kuhusu nafsi yako ambalo mihadhara ya miaka 5 haikukuonyesha. Ukiona pia saa mbili za kimya zinazofuata, za kuandika namba kila dakika tano, na zikakuchosha hadi kukereka, umejifunza jambo la pili, nalo lina uzito uleule.

Mifupa nayo ina sura mbili. Watarajali huvutiwa na ajali za bodaboda, vyuma na drili. Omba upelekwe kliniki ya watoto wenye mguu kifundo, yaani waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Hapo mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa kwa mikono kidogo kidogo, hufungwa plasta kutoka vidoleni hadi pajani, na kila wiki plasta hubadilishwa, mara tano au sita, mpaka kwa watoto wengi ibaki kukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo tu. Kisha hufuata viatu vilivyounganishwa kwa upau, mchana na usiku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi mtoto atimize miaka minne au mitano. Kazi inayobaki ni ya kumshawishi mama, ambaye mtoto analia na majirani wanasema, asivivue viatu. Daktari wa mifupa asiyeweza maongezi hayo huuona mguu ukirudi kupinda. Sijawahi kuona tangazo la fani ya mifupa linaloitaja kazi hiyo.

Kwa patholojia, omba uketi na anayepokea sampuli. Utaona ndoo ndogo ya fomalini yenye uvimbe wa titi na fomu ambayo mahali pa historia ya mgonjwa pameandikwa "uvimbe" tu, na utaelewa kwa nini wanapatholojia huwa wakali kwa madaktari wa wodini. Asubuhi moja hapo itakufaa hata kama hutasoma patholojia kamwe, kwa sababu hutajaza tena fomu vile.

Hatua ya 5: Tenganisha fani na mahali ulipoionea

Hapa ndipo pana makosa mengi, na nitapashughulikia kwa kirefu. Kuonja mapema kuna nguvu kubwa juu ya uchaguzi wa mtu, na nguvu hiyo haibagui kati ya taarifa sahihi na ajali ya mazingira. Mtarajali anayesema "sitaki watoto kabisa" mara nyingi huwa anamaanisha kwamba alipita wodi ya watoto wakati wa mvua ndefu, malaria na nimonia zikiwa zimejaza vitanda watoto wawili wawili, damu ya kuongeza ikiwa haba, na vifo vikitokea usiku ambao alikuwa peke yake. Hayo ni kweli, lakini ni kweli kuhusu wodi ile katika msimu ule. Bingwa wa watoto katika kliniki ya moyo, ya seli mundu au ya watoto njiti ana siku zisizofanana na hizo hata kidogo.

Kinyume chake pia hutokea. Idara yenye mkuu mwenye haiba, anayefundisha huku akitania na anayekumbuka jina la kila mtarajali, huvuna wafuasi kila mwaka. Wanafunzi wake hudhani wamependa figo, kumbe wamempenda mwalimu. Hakuna ubaya kuvutwa na mtu, na mabingwa wengi wazuri walianza hivyo, ila mwalimu hatakwenda nawe Songea. Kipimo rahisi ni hiki: waza kazi ileile, mgonjwa yuleyule, lakini chini ya bosi usiyempenda. Bado inakuvuta?

Kuna upotoshaji wa tatu, ule wa kauli. "Upasuaji si wa wanawake", "magonjwa ya akili ni ya waliokosa nafasi", "radiolojia ni ya wavivu", "ukisoma patholojia utakosa hela". Kauli hizi husemwa kwenye chumba cha chai, kwa mzaha, na mtu aliyefanya kazi saa 30, nazo huingia masikioni mwa mtu wa miaka 26 kama ushahidi. Msichana anayeambiwa mara tatu kwamba ataolewa, na kwamba upasuaji haumtaki mwenye mtoto, huanza kuupunguzia upasuaji alama hata kabla hajaushika uzi. Zipokee kauli hizo kama habari za anayezisema. Kisha mtafute daktari bingwa mwanamke wa upasuaji, na siku hizi wapo, umuulize wiki yake inakwendaje.

Upotoshaji wa nne ni wa muda. Katika idara ambayo mtu anapita wiki ya mwisho ya utarajali wake tayari ana mikono, anajua fomu zote, masista wanamjua kwa jina, na anaonekana mwepesi. Idara ya kwanza alikuwa hajui hata glavu zinakaa wapi. Wengi hupenda idara ya mwisho zaidi ya ya kwanza, na sehemu ya upendo huo ni wepesi wao wenyewe. Kama fani uliyoikataa ni ile uliyoanza nayo, rudi siku mbili tu mwishoni mwa mwaka, uitazame tena kwa macho ya mtu asiyeogopa kutoboa mshipa.

Kwa hiyo, ukiandika tathmini, gawanya ukurasa pande mbili. Upande mmoja weka yale ambayo yangekuwepo hata katika hospitali bora yenye watu wa kutosha, na upande wa pili yale yatokanayo na uhaba, msimu au watu. Fani ihukumiwe kwa upande wa kwanza. Upande wa pili nao usiutupe, kwa kuwa utafanya kazi nchini humu, pamoja na uhaba wake, kwa miaka mingi.

Hatua ya 6: Andika siku hiyohiyo

Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kinachodaiwa na hospitali huhesabu ulichofanya: wangapi umewazalisha, upasuaji mara ngapi umesaidia. Weka daftari lako la pili, lisilo na jina la mgonjwa wala namba ya faili, lenye mistari mitatu kila jioni: kilichonifanya nisahau saa, kilichonifanya niangalie saa, na nilichokwenda kukisoma bila kuagizwa. Mstari wa tatu ndio ninaouamini kuliko yote.

Hatua ya 7: Zungumza na watu wa ngazi tatu

Mkuu wa idara atakueleza fani ilivyo kileleni, na kwa kawaida ataisifu. Mtafute pia daktari aliye mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa, kwa sababu yeye bado anaumia na hajasahau kitu. Muulize analala saa ngapi, ada yake inalipwa na nani, na je, angechagua tena hivyohivyo. Mtu wa tatu ni bingwa aliyehitimu miaka mitano au kumi iliyopita na sasa yuko hospitali ya mkoa, mbali na chuo. Huyo ndiye atakayekwambia kama kifaa alichofundishiwa hatimaye kimefika alipo, kama yupo mwenzake wa kupokezana naye zamu au ndiye bingwa pekee mkoa mzima, na kama asilimia kubwa ya wagonjwa wake ni wa fani yake kweli au anafanya kazi ya daktari wa kawaida akiwa na cheti ukutani. Ukimpata mtu aliyeiacha fani hiyo akahamia nyingine, msikilize kwa adabu bila kumhoji kama shahidi mahakamani.

Hatua ya 8: Pima njia ya kufika huko

Njia inayojulikana zaidi ni shahada ya uzamili chuoni, MMed, inayotolewa na MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), KCMC, Bugando, Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine, kwa miaka mitatu au zaidi kutegemea chuo na fani, na baada yake wanaotaka ubobezi huendelea tena. Mtumishi wa umma atahitaji ruhusa ya mwajiri, na kila anayesoma atahitaji mlipaji: mwajiri, ufadhili wa Wizara ya Afya, au mfuko wake. Uliza kuhusu ufadhili mapema, kwa sababu fani zinazopewa kipaumbele hubadilika, na fani adimu mara nyingi hutazamwa kwa jicho la huruma zaidi kuliko zile zinazokimbiliwa na wote.

Njia ya pili haijulikani vya kutosha miongoni mwa watarajali. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, hufundisha bila kukutoa kazini: unajiandikisha ukiwa katika hospitali iliyoidhinishwa, unafanya kazi chini ya msimamizi, unafanya mtihani wa uanachama baada ya takriban miaka miwili, na wa ufelo (fellowship, ngazi ya ubingwa) baada ya mingine mitatu hivi kwa upasuaji wa jumla. Vyuo vya namna hiyo vya ukanda huu vipo pia kwa magonjwa ya ndani, kwa uzazi na kwa usingizi. Kwa anayetaka njia hii, mahali atakapoajiriwa baada ya utarajali ni uamuzi wa kitaaluma, kwani hospitali isiyoidhinishwa haitamhesabia mwaka.

Suala la uhaba nalo liingie kwenye hesabu, bila kugeuzwa mahubiri. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani, iliyotoa ripoti mwaka 2015, ilipendekeza kila nchi iwe na angalau mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo mwaka 2030, na nchi za ukanda wetu ziko mbali sana na kiwango hicho. Maana yake kwa mtarajali ni ya kawaida kabisa: katika fani adimu ataajirika, ataheshimiwa, na pia ataitwa usiku bila mtu wa kumpokea. Mambo hayo matatu huja pamoja.

Kuhusu fedha, kliniki za binafsi na huduma za kibingwa za jioni huzilipa zaidi fani zenye wagonjwa wanaojileta wenyewe, kama uzazi, watoto, ngozi na macho, kuliko zile zinazotegemea wagonjwa wa kupelekwa na daktari mwingine. Mwenye wazazi na wadogo wa kusomesha asione haya kuliweka hilo mezani.

Hatua ya 9: Utumie mwaka wa kwanza wa kazi kama jaribio

Ukishapata usajili kamili, usikimbilie fomu ya maombi wiki hiyohiyo kama bado una fani mbili kichwani. Mwaka mmoja au miwili katika hospitali ya wilaya, ambako wewe ndiye unayeamua saa nane usiku kama mgonjwa apasuliwe au apelekwe rufaa, hukuonyesha mambo ambayo mtarajali mwenye bosi juu yake hayaoni. Angalia ni wagonjwa gani wenzako wanakuitia wewe hata usipokuwa zamu. Omba usimamie kliniki moja inayohusiana na fani yako, kisukari au shinikizo la damu kwa anayewaza magonjwa ya ndani, wajawazito wenye hatari kwa anayewaza uzazi, na uifuatilie kwa miezi sita mfululizo ili uwaone wagonjwa walewale wakirudi.

Barua za utambulisho ziombe wakati anayekuandikia bado anakukumbuka, yaani mwezi uleule unaoondoka idarani, hata kama maombi ni ya mwaka ujao. Mpelekee ukurasa mmoja wenye tarehe ulizokuwa naye, kesi moja au mbili mlizoshughulikia pamoja na kazi yoyote ya ukaguzi wa huduma uliyoifanya, ili asilazimike kuandika kwamba wewe ni "kijana mwenye bidii", maneno ambayo kamati za udahili zimeyasoma mara elfu. Na kama katikati ya mwaka umebadili fani, mpigie simu yule uliyemwomba barua ya fani ya kwanza, umweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, kisha umuulize kama yuko tayari kukuandikia nyingine. Wengi hukubali, na baadhi yao watakupa jina la mtu wa kumwona katika fani hiyo mpya.